Mume wa Dirishani

Nesi alimfuma mumewe mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Hakumfuma na mwanamke, maana hilo lina jina lake na dawa yake. Alimfuma na dirisha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya mlima, ukungu bado umelala bondeni, na mtu mzima na ndevu zake, mwoka mikate anayeheshimika mtaa mzima, alikuwa amepanda dirisha la dereva la gari walilolifanya nyumba yao ya likizo. Viatu kavishika mkononi, suruali imenasa kwenye kitasa, naye anahangaika kuingia nyumbani kwake mwenyewe kama kibaka.

"Karibu," alisema Nesi.

Alikuwa ameketi kitandani, blanketi mabegani, mikono ameikunja kifuani. Mumewe akaganda palepale juu ya dirisha. Wenzake wa kiwandani walimbatiza Hamira, kwa kuwa hakuna asubuhi aliyowahi kushindwa kuinuka, na jina hilo likamganda mpaka mkewe naye akalizoea.

"Umeamka?" aliuliza Hamira.

"Hapana, nimelala. Huyu unayemwona ni ndoto yako."

"Nilitoka kidogo tu."

"Na mlango umeibiwa?"

Hamira aliutazama mlango, akamtazama mkewe, akajaribu kuuvuta mguu uliobaki nje. Suruali ikasema *chwaa*. Sasa alikuwa ndani, lakini kipande cha suruali kilibaki dirishani kama bendera.

"Mlango unalia," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukuamsha."

Hapo hakusema uongo. Mlango wa gari lile ulilia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Zamani gari lilikuwa maktaba ya kutembea, likipeleka vitabu shuleni, mpaka lilipochoka likapigwa mnada. Mjomba wake Hamira, dereva mstaafu, ndiye aliyelinunua. Aling'oa rafu, akabakiza mbili za kuwekea vikombe na sahani, akatia kitanda nyuma, jiko la gesi kando ya dirisha na sinki ndogo kama sahani. Akaliita Konokono, kwa sababu lilipanda milima polepole na nyumba yake mgongoni. Juu ya vikombe kulibaki tangazo la zamani, herufi kubwa nyeusi: TAFADHALI, KIMYA. Mjomba alikataa kulibandua. Alidai ndilo lililookoa ndoa yake.

Kwa Nesi na Hamira tangazo hilo halikuwa na kazi. Wao kimya walikuwa wamehitimu.

Kwa miaka saba walikuwa wamependana kwa zamu. Nesi alifanya kazi ya usiku katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao na kulazwa katika visanduku vya joto. Hamira aliondoka nyumbani kabla jogoo hajawika, akakanda unga na kuchoma mikate ambayo watu huiamkia bila kujua nani hakulala kwa ajili yake. Nesi akirudi asubuhi, upande wa Hamira kitandani umeshapoa. Hamira akirudi mchana, Nesi yuko katika usingizi wa pono. Jioni Nesi anafunga vifungo vya sare yake, Hamira amejifunika gubigubi. Kila siku Hamira aliacha mezani mkate mdogo uliofungwa kitambaa ili usipoe. Kila siku Nesi aliacha chupa ya chai na shati lililonyooshwa. Alivua viatu ngazini. Hamira alizipaka mafuta bawaba zote za nyumba. Walijifunza kukoroga sukari bila kijiko kugusa kikombe, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukohoa kwa nafasi.

Majirani waliwaona watu wenye adabu. Mama yake Hamira hakuona hivyo.

"Nyie si mke na mume," aliwahi kuwaambia mbele ya wageni, "nyie ni wapangaji wawili wa chumba kimoja. Mjukuu hapatikani kwa kuachiana chupa ya chai." Na aliposikia kwamba likizo zao zimeangukia pamoja kwa mara ya kwanza, na kwamba wanakwenda mlimani na gari la mjomba, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mnakwenda kufanya nini huko? Kulala? Si mnalala kila siku, kila mtu na saa yake?"

Nesi alicheka naye siku ile, kicheko cha mdomoni. Maneno ya mkwe yalikuwa yamemwingia kama mwiba, na alipanda mlima nayo.

Alipanda pia na siri. Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi mkuu katika hospitali ya mji mwingine, mbali sana na kwao, na alikuwa amemtafutia nafasi. Wodi ileile ya watoto njiti, lakini kazi ya mchana. "Njoo," dada alimwambia. "Macho yako yamezama, mdogo wangu. Kama huyo bwana anakuhitaji, atakufuata. Asipokufuata, utakuwa umejua." Jibu lilitakiwa kabla likizo haijaisha. Nesi akajiwekea ahadi moyoni: tukifika mlimani tukakumbuka kwamba sisi ni mke na mume, nitamweleza yote na nitamwomba twende wote. Tusipokumbuka, nitakwenda peke yangu.

Na mlima ulikuwa mzuri kupita kiasi, hilo halikuwa na ubishi. Konokono lilisimama kwenye uwanja mdogo wa nyasi juu ya kona ya barabara, kijito kikipita nyuma yake, na mbele mabonde yakishuka moja baada ya jingine mpaka macho yakachoka. Hakukuwa na haraka ya kitu chochote. Maji yenyewe yalichemka kwa kujisikia.

Lakini asubuhi ya kwanza Nesi alipofumbua macho, Hamira hakuwepo. Asubuhi ya pili alimsikia akijivuta kutoka kitandani kidogo kidogo, akishikilia hata pumzi, halafu dirisha likateleza. Nesi akafumba macho. Alikuwa hajui mke anasema nini kwa mume anayetoka dirishani. Mchana, Hamira akijilaza baada ya chakula, Nesi alitoka taratibu akaenda kukaa kijitoni, kwa mazoea, ili mtu apumzike. Kutoka kule alilitazama Konokono akajiuliza yule mwanamume ndani anamkimbia kwa kosa gani. Sasa ilikuwa asubuhi ya tano, na maneno yote waliyokuwa wamebadilishana yalihusu chumvi, kiberiti na baridi.

"Sikutaka kukuamsha," alirudia Hamira. Alikuwa bado amesimama na viatu mkononi.

"Siku zote hizi unatoka dirishani, Hamira. Unakwenda wapi?"

"Natembea tu. Mwili umeshazoea kuamka."

"Unatembea na simu?"

Hamira aligusa mfuko wa shati kama mtu aliyeambiwa ana siafu. Simu haikushika mtandao pale chini. Ilishika mahali pamoja tu, kwenye jiwe kubwa lililokaa juu ya kona, na Nesi alikuwa ameshaona kwamba simu hutoka naye na kurudi naye.

"Unampigia nani?"

"Hakuna."

"Huyo Hakuna ana namba ya simu?"

"Nesi, punguza sauti."

Neno lilimtoka kwa mazoea, masikini, kama mtu anavyosema samahani akigonga kiti. Lakini lilikuwa neno baya kuliko yote aliyoweza kuyachagua.

"Nipunguze sauti nani amelala?" Nesi alisimama kitandani, blanketi likaanguka. "Mimi niko macho! Wewe uko macho! Miaka saba, Hamira, miaka saba ndiyo kwanza tuko macho wote wawili chumba kimoja, na wewe unaniambia nipunguze sauti!"

Sauti ilitoka dirishani, ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Wote wawili waliisikia inavyorudi. Nesi mwenyewe alishtuka. Hakuwahi kujua kama anayo.

Na kwa kuwa sauti ilikuwa imeshafunguka, ikabeba yote. Akamwaga mtama. Akamweleza habari za dada, za hospitali, za kazi ya mchana, na kwamba jibu linasubiriwa. Hamira alisikiliza bila kupepesa macho.

"Ulikuwa uniambie lini?" aliuliza mwishowe.

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe ukiwa umelala, au mimi nikiwa nimelala?"

Hamira aliketi kwenye kiti cha dereva. Akaanza kuvaa viatu polepole, akifunga kamba kana kwamba ndiyo siku ya kwanza anafundishwa.

"Ni kazi ya mchana kweli?"

"Ya mchana."

"Utakuwa unalala usiku."

"Kama watu."

"Basi nenda," alisema Hamira.

Nesi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu. Alijiandaa kwa hasira, kwa kukatazwa, hata kwa kubembelezwa, na hapo angebembelezeka. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Nasema nenda ukapumzike. Macho yako..." Akanyoosha mkono, akaurudisha. "Umechoka. Nakuona unavyolala mchana, unaweweseka, unahesabu watoto. Nenda."

"Na wewe?"

Hamira alifungua mdomo. Kitu kilikuwa pale mlangoni mwa meno, Nesi alikiona kabisa, kikasita, kikageuka.

"Mimi nina mikate," alisema.

Kuna wanaume Mungu kawapa moyo mpana na ulimi mfupi. Hamira alijisikia mwenyewe alivyolikosea neno, uso ukamshuka, na badala ya kulirekebisha akafanya wanachofanya wenzake wote wa aina yake: akatoka. Safari hii alipita mlangoni. Mlango ukalia, ndege wakaruka kutoka kwenye nyasi, na Nesi akabaki peke yake na vikombe viwili rafuni.

Hakulia mara moja. Kwanza alitandika kitanda, akalainisha mikunjo ya shuka mpaka pembeni, kama anavyotandika vitanda vya wodini. Halafu akaketi juu yake akalia, akauvuruga tena.

Machozi yalipokwisha alikuwa ameshapiga moyo konde. Alivaa sweta, akachukua simu, akaanza kupanda kwenda kwenye jiwe. Njiani alimwona Hamira kwa mbali, ameinama kijitoni anajaza ndoo, mgongo wake mpana umeelekea barabara. Mgongo ule aliujua kuliko uso. Ndio aliokuwa akiuaga kila jioni. Moyo ulimvuta, akaukataza, akaendelea kupanda.

Jiwe lilikuwa baridi na lenye umande, isipokuwa sehemu moja iliyokauka, sawa na makalio ya mtu mmoja. Nesi alikaa hapohapo. Akatafuta namba ya dada yake. Kidole kilikuwa kimeshafika juu yake simu ilipoanza kutetemeka mkononi, na kwenye kioo likatokea jina la mtu ambaye hakutaka kabisa kumsikia asubuhi ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Afadhali nimekupata wewe," alisema mama mkwe, bila kuvuta pumzi. "Yuko wapi huyo mume wako? Amenikatia simu katikati ya maneno. Eti kunapambazuka, eti lazima arudi. Arudi wapi, amekuwa popo?"

Nesi aliiweka simu sikio la pili, kana kwamba la kwanza limemdanganya.

"Alikupigia leo, mama?"

"Leo! Jana! Juzi! Kuku wangu bado wamelala, simu inaita. Siku ya kwanza nilidhani ni msiba, nikatafuta kanga gizani nikajigonga kidole mpaka leo kimevimba. Kumbe mtu mzima na akili zake ananiuliza, 'Mama, baba alikuwa anakuambia nini asubuhi mkiamka?'"

"Anauliza nini?"

"Usinirudishe nyuma, nitaona aibu. Anasema kila akitaka kufungua mdomo mbele yako anajikuta anataja chumvi. Anasema wewe usiku unashika roho za watoto wa watu mkononi, yeye ana habari gani ya kukuambia zaidi ya unga umeumuka, unga haukuumuka? Anaogopa ukiamka atakosa la kusema, halafu utamwona bure." Mama mkwe alimeza mate. "Sasa mimi mtu mzima najibu nini? Nikamwambia mwulize kalalaje. Akasema hilo alishauliza."

Nesi alijiziba mdomo kwa mkono. Mwenyewe hakujua anazuia kicheko au kilio, na pengine vilikuwa vyote viwili vinagombania mlango mmoja.

"Upo?" aliuliza mama mkwe.

"Nipo, mama."

"Mimi nimesema mengi juu ya ndoa yenu, sikatai. Niliwaita wapangaji, na watu walisikia. Lakini nimefikiri. Mpangaji hampigii mama yake alfajiri kuuliza mambo kama hayo."

"Na mwishoni ulimjibu nini?"

Upande wa pili kilisikika kigoda kikivutwa. Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mwanamke mwingine, mdogo zaidi.

"Nilimwambia ukweli. Baba yake hakuwa na maneno ya maana. Alikuwa ananiamsha kuniuliza kama nimelala."

"Kukuuliza...?"

"Kama nimelala! Mtu nimelala fofofo, ananitikisa bega: 'Mke wangu, umelala?' Kila alfajiri ya Mungu. Nilimtukana, mwanangu, nilimtukana miaka yote ile. Nikamwambia siku moja nitakumwagia maji." Akavuta kamasi kidogo. "Sasa nalala mpaka jua linaingia chumbani, na hakuna anayeniuliza."

Upepo ulipita juu ya jiwe. Nesi alitamani angekuwa karibu amshike mkono yule mama ambaye kwa miaka saba alikuwa amemkwepa.

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Haya, mwambie anipigie mchana kama watu. Na wewe, hiyo kazi yako ya usiku, mimi bado nasema..."

"Tutazungumza, mama."

"Mtazungumza na nani?"

"Na mume wangu kwanza."

Mama mkwe alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu. Akaishusha.

"Eh," alisema. "Ndiyo. Ndiyo inavyotakiwa."

Simu ilipokatika, namba ya dada ilirudi kwenye kioo, inasubiri. Nesi aliitazama. Dada yake alimpenda, hilo halikuwa na shaka, lakini dada alitaka kumpima Hamira bila kumwambia kwamba kuna mtihani. Akaitia simu mfukoni. Hakushuka papo hapo. Alikaa juu ya jiwe lile mpaka ukungu ukapanda kutoka mabondeni, ukamezwa na jua, na mabonde yakaonekana mpaka chini.

Aliporudi, ndoo ya maji ilikuwa kando ya ngazi, imefunikwa sahani. Sufuria ya chai ilikuwa imewekwa juani. Kipande cha suruali kilishaondolewa dirishani. Ndani, Hamira alikuwa amelala ubavu, ameugeukia ukuta.

Nesi aliinama akavua kiatu. Alikuwa ameshavua kimoja, na cha pili kiko nusu njia, ndipo alipojiona. Alijiona pale ngazini, mguu mmoja juu kama korongo, anavyojiona mtu aliyejikuta kwenye kioo cha duka. Akacheka. Akavivaa vyote viwili, akafunga na kamba, akaukamata mlango wa Konokono akauvuta kwa nguvu zake zote. Mlango ukalia mpaka mlima wa pili ukasikia.

Hamira hakutikisika.

Basi Nesi akasikiliza. Kazi yake ilikuwa hiyo, kusikiliza pumzi. Alijua pumzi ya mtoto aliyelala na ya mtoto anayetaka kulia, na aliijua ya mtu mzima vilevile. Aliyelala kweli hupumua bila kufikiri. Huyu alikuwa anapumua kwa uangalifu mkubwa, kama anayebeba trei ya glasi. Tangu siku ya kwanza, kila alipojilaza mchana, alikuwa amemsikia anavyojifanya amelala, na kumbe hilo ndilo lililokuwa likimuuma zaidi ya dirisha.

Aliketi kando yake. Akasugua viganja mpaka vikapata joto, kama anavyofanya kabla ya kumgusa mtoto, akaweka kimoja begani kwa mumewe, akamtikisa. Katika miaka saba hakuwahi kumwamsha, hata siku moja.

"Amka," alisema. "Nataka mtu wa kuzungumza naye."

Hamira aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa usingizi.

"Nilikuwa macho," alikiri.

"Najua. Pumzi yako haijui kusema uongo."

"Na wewe vidole vya miguu."

"Vimefanya nini?"

"Ukilala vinatulia. Siku hizi zote asubuhi vinacheza chini ya blanketi kama panya."

Nesi alimkodolea macho. "Kwa hiyo ulijua niko macho?"

"Nilijua."

"Na bado ukatoka dirishani!"

"Nilidhani unajifanya umelala ili niondoke."

"Na mimi nilidhani unatoka ili usinione!"

Walitazamana. Hamira ndiye aliyeanza, kicheko cha puani, cha kuiba, kama cha mtu aliye msibani. Nesi akakidaka. Kikawa kikubwa, kikawashinda, wakacheka mpaka vikombe vikagongana rafuni chini ya lile tangazo la TAFADHALI, KIMYA, na Hamira akashika tumbo akisema basi, basi, anaumia.

Kilipotulia, alikuwa ameshika mkono wa mkewe. Viganja vyake vilikuwa vigumu, vimeungua hapa na pale kwa trei za moto. Nesi aliyajua makovu ya zamani. Ya karibuni hakuyajua, akaanza kuyapapasa moja moja.

"Nilikuwa nampigia mama," alisema Hamira.

Nesi angeweza kusema najua. Alilimeza neno hilo. Mtu akijikaza hivyo mpaka akasema, mwache afike.

"Kumwambia nini?"

"Kumwomba maneno." Masikio yalimwiva. "Nilitaka asubuhi moja uamke nikuambie kitu kizuri. Asubuhi hii nilikuwa nimeshakipata. Ndiyo maana nilikuwa nakimbilia kuingia. Nikanasa."

"Na uliposema niende?"

"Nilitaka uende ukalale usiku. Halafu nilitaka kusema nami nitakuja, nikaona mtu hajanialika." Akatazama pembeni. "Ndipo ikatoka ile ya mikate."

"Ile ya mikate ilikuwa mbaya, Hamira."

"Nimeisikia mwenyewe. Kule kijitoni nimeirudia mara kumi, kila mara inazidi kuwa mbaya."

Nesi alivuta pumzi. Hapa ndipo alipokuwa akija tangu walipoanza kupanda mlima.

"Dada alisema niende, kama unanihitaji utanifuata. Mimi sitaki mtu anifuate. Nataka mtu tutoke naye mlango mmoja, kila mtu kashika sanduku lake. Nakualika sasa. Utakuja?"

Hamira hakujibu haraka, na Nesi alimshukuru kwa hilo, maana jibu la haraka lingekuwa la kumfurahisha tu.

"Hapa mimi ni mkubwa wa zamu," alisema polepole. "Vijana wananiita mzee. Kule nitaanza kukanda unga upya, naamrishwa na mtoto niliyemzidi umri."

"Itakuuma?"

"Itaniuma. Na mama atasema nimemfuata mwanamke."

"Atasema."

"Atasema mengi."

"Mwache aseme. Kakuzaa, ana haki. Na mimi nitampigia mwenyewe, kila wiki. Nitamsikiliza mpaka mwisho."

Hamira alimtazama kwa mshangao, lakini hakuuliza. Akatazama nje ya mlango uliobaki wazi, kule mabonde yalikokuwa yameloa jua.

"Kuna mji usiokula mikate?" aliuliza.

"Sijauona."

"Basi nitakuja," alisema Hamira. "Nitakuja, Nesi. Ningekuja hata kwa kuuza maandazi barabarani."

Kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwa Nesi tangu zamani, mpaka akadhani ndivyo kifua kilivyo, kililegea. Akajilaza ubavuni mwa mumewe na viatu vyake miguuni, juu ya shuka safi, jambo ambalo siku nyingine lingemtia homa. Chai iliendelea kupoa juani, hakuna aliyeikumbuka.

"Lakini tusidanganyane," alisema Hamira baadaye. "Mwoka mikate ni mwoka mikate. Hata kule nitaondoka na giza."

"Utaondoka, ila utaniacha kitandani. Hicho ni kitu kipya."

"Nitatoka taratibu. Bawaba nitazipaka mafuta, hutasikia hata..."

"Hilo ndilo sitaki!" Nesi aliinuka kwa kiwiko. "Usipake mafuta kitu chochote. Na kila siku kabla hujatoka, uniamshe."

"Nikuamshe? Umelala vizuri, umechoka, nikuamshe bure?"

"Uniamshe."

Hamira alikuna ndevu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka sana kutii, ila kazi hajaielewa.

"Haya. Nikuamshe, halafu nikuambie nini?"

Nesi alirudisha kichwa chake begani kwa mumewe, akafumba macho.

"Niulize kama nimelala."